Kila mtu alijua isipokuwa yeye

Mtoto ninayemwandika hapa nimemlea tangu ana miaka minne. Ni binti wa marehemu dada yangu. Ana jina la mama yetu mzazi, kwa hiyo nyumbani tunamwita Bibi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Maneno haya ameyasoma yote kabla hayajatoka. Pana sehemu mbili alinitaka nizifute, nimezifuta.

Bibi alizaliwa na VVU mwaka 2011. Naandika kwa ajili ya wanaolea watoto kama yeye: mashangazi, mabibi, mama wadogo, mama wa kambo. Siku za kliniki ya watoto ni sisi tunaojaa kwenye mabenchi ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, na karibu kila mmoja wetu ana uongo anaomwambia mtoto kuhusu kile kidonge. Wangu mimi ulikuwa "dawa ya kifua". Nilimwambia hivyo kwa miaka saba.

Dada alifariki Muheza mwaka 2015. Tulipokuwa tunagawa nguo zake baada ya arobaini, nikakuta kadi ya CTC imefungwa ndani ya kanga, na kanga hiyo ndani ya kanga nyingine. Kadi ilionyesha alianza dawa mwaka 2013, na kwamba tarehe yake ya mwisho ya kuchukua dawa ilikuwa imepita miezi saba kabla ya kifo. Nilikaa chini na ile kadi mkononi. Katika miezi hiyo saba alikuja kwangu Tanga mara mbili, tukalala chumba kimoja, tukazungumza mpaka usiku wa manane, na hakusema. Mpaka leo najiuliza aliona nini usoni kwangu kilichomfanya anyamaze.

Mtoto alikuwa mdogo kuliko umri wake. Sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha, likikauka linaanza tena. Kichwani mapele, akila kidogo anaharisha. Mama yetu alisema mtoto amepatwa na husuda ya watu, tukampeleka kwa mganga. Zilikwenda wiki tatu, mbuzi mmoja na shilingi laki moja na ishirini. Simlaumu mama. Alikuwa ametoka kumzika mwanawe, na hakuwa na nguvu ya kusikia jina la ugonjwa huo likitajwa kwa mjukuu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeiona kadi, na nilinyamaza kwa wiki tatu zile kwa kuogopa kumuumiza. Ukibaki na mtoto wa marehemu aliyekuwa anaishi na VVU, mpime kwanza. Mengine yafuate baadaye.

Siku hizi mama anayejulikana ana VVU humezeshwa dawa tangu akiwa mjamzito, mtoto akizaliwa hupewa dawa ya kinga, na akifika wiki nne hadi sita hutolewa tone la damu kisiginoni, likakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Bibi hakuyapata hayo. Alizaliwa nyumbani, kabla mama yake hajaijua hali yake. Dada alipoanza dawa mwenyewe, ama hakuulizwa kama ana mtoto, ama aliulizwa akakana. Sitajua.

Nikamleta Tanga. Kipimo kilichukua dakika chache, na muuguzi akaniambia, "Mama, mtoto huyu anaanza dawa. Hatusubiri augue zaidi." Nilidhani kliniki ni dirisha la kuchukulia dawa tu. Kumbe kila hudhurio mtoto anapimwa uzito, maana dozi inafuata kilo zake. Mlezi akichelewa kumpeleka, mtoto anakua na dozi inabaki ya mwaka jana. Kila mara tuliulizwa maswali yale yale ya kifua kikuu: anakohoa, ana homa, amepungua uzito, anatoka jasho usiku? Nilikuwa najibu "hapana" harakaharaka ili tuondoke. Baadaye nilielewa kwamba kifua kikuu ndicho kinachowaua wengi wenye VVU, na majibu yangu ya haraka yalikuwa hatari. Alimezeshwa isoniazidi miezi sita kama kinga ya kifua kikuu, alipewa septrini ya kuzuia maambukizi mengine, na lile sikio likatibiwa mpaka likakauka.

Ndani ya mwaka mmoja Bibi akanenepa, akawa anakimbizana na wenzake kwenye vichochoro vya Ngamiani. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mimi nauza vitumbua. Naamka saa kumi usiku, saa kumi na mbili niko barabarani na beseni. Dawa ya Bibi ilikuwa mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na ile ya asubuhi nilimwachia binti yangu mkubwa ambaye naye ana shule. Siku nyingine alimpa, siku nyingine alisahau. Wakienda Muheza kwa likizo, kopo lilibaki Tanga ili majirani wa kule wasilione. Tulikwenda arusi Pangani siku tatu, hatukubeba dawa kabisa. Mtoto hakuugua hata mafua, na hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu virusi vinapoizoea dawa mtoto anaweza asionyeshe chochote kwa nje. Anaendelea kucheza.

Mwaka 2019 kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha dawa za mwanzo hazifanyi kazi tena. Akabadilishiwa. Dawa mpya zilikuwa vidonge vikubwa, na Bibi hakuweza kuvimeza. Nikatafuta njia yangu. Nikawa navitwanga kwa kinu kidogo cha iliki, ile iliki ya vitumbua, halafu nakoroga kwenye uji. Ulikuwa mchungu hata ukitia sukari vijiko vinne. Mara nyingi alitapika, nami nikahesabu kwamba ameshameza. Baada ya miezi sita tukapima tena. Idadi haikushuka.

Nilianza kuamini kwamba mtoto huyu dawa zimemkataa. Siku hiyo dirishani palikuwa na mfamasia kijana. Akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa kabla: "Mama, hebu nieleze unavyompa. Toka unapofungua kopo."

Nikamweleza yote, kinu, iliki, uji. Akaweka kalamu chini. Akanieleza pole pole kwamba vidonge vile, vya lopinavia na ritonavia, havitwangwi, havikatwi wala havitafunwi. Kidonge kikivunjwa, sehemu kubwa ya dawa haiingii mwilini. Miezi sita nilikuwa nampa mtoto uchungu bila dawa.

Nililia pale dirishani. Yule kijana hakunifukuza, akaniacha nimalize. Kisha akanifundisha namna ya kumfundisha mtoto kumeza. Tulianza na punje moja ya wali, kichwa kimenyooka, funda la maji. Halafu vipande viwili vya wali vilivyoshikana, halafu kipande kidogo cha tende. Ilichukua siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alimeza kidonge kizima na kijiko cha ndizi mbivu iliyopondwa, akafungua mdomo nione hakuna kitu.

Zipo dawa za watoto zilizotengenezwa ziyeyuke kwenye maji, kama ile dolutegravia ya miligramu 10 yenye ladha ya stroberi wanayopewa wadogo siku hizi. Ndiyo maana usichukue ulichoambiwa kwa dawa moja ukakifanya kwa nyingine. Uliza kila zinapobadilishwa: inamezwa, inayeyushwa, pamoja na chakula au bila chakula? Na usihamishie vidonge kwenye mfuko wa plastiki ili kopo lisilie njiani, kama nilivyofanya mimi. Hapa ni pwani, hewa ina unyevu. Viache ndani ya kopo lake, na kile kipakiti kidogo kilichomo usikitupe, ndicho kinachonyonya unyevu. Kopo likikupigia kelele, muulize mfamasia ufanyeje.

Basi virusi vikashuka, nikapumua. Kila hudhurio mnasihi aliniuliza, "Ameshaambiwa?" Nami nikajibu, "Bado mdogo." Ana miaka minane, bado mdogo. Tisa, bado. Kumi, bado. Mwaka ule ule aliozaliwa Bibi, 2011, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwaambia watoto hali zao, likisema watoto wa umri wa shule wenye VVU waambiwe, kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili zao. Mnasihi alinieleza hayo zaidi ya mara moja. Nilikuwa naitikia kwa kichwa na kuondoka. Niliogopa atawaambia watoto wenzake, niliogopa ataniuliza kuhusu mama yake. Zaidi ya yote niliogopa kuonekana mwongo.

Mwaka 2022 akiwa darasa la tano walifundishwa kuhusu UKIMWI. Mwalimu alieleza kwamba wapo watu wanaomeza dawa kila siku, maisha yao yote, kwa saa ile ile, ili kufubaza virusi. Bibi alirudi nyumbani kimya. Mimi nikadhani ana homa.

Miezi mitatu baadaye nilisogeza mtungi wa maji ili nisafishe pale chini panapoota ukungu. Nyuma ya mtungi, ukutani, palikuwa na vidonge. Vya chini vilikuwa vimeshavimba kwa maji na kugeuka uji mweupe ulioganda sakafuni, vya juu bado vizima. Nikavihesabu vile vizima, vikawa thelathini na nane. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, anafungua mdomo nione, halafu anakwenda mtungini "kunywa maji zaidi".

Tukapima. Nakala 48,000 za virusi katika kila mililita ya damu.

Utaratibu wakati huo ni vikao vitatu vya unasihi wa kumeza dawa, kisha kupima tena. Kikao cha kwanza mnasihi alimtoa mtoto nje, akaniambia, "Dada, huyu mtoto haogopi dawa. Anakuuliza swali kwa vidonge kwa sababu kwa mdomo umemzibia." Tukapanga nitasema nini. Tukapanga na maswali atakayoniuliza, nikayajibu mbele ya mnasihi kama mtu anayejifunza sala. Hili fanyeni, tafadhali. Siku ya kumwambia mtoto isiwe ndiyo mara yako ya kwanza kuyatamka maneno hayo.

Kikao cha pili tuliingia sote. Mnasihi akaanza na ile hadithi ya askari wanaolinda mwili, na wadudu wanaokuja kuwapiga askari, na dawa inayowalaza wadudu usingizi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akasema, "Hao wadudu wanaitwa VVU. Tumesoma."

Kisha akanigeukia mimi. "Mama mdogo, nani anajua?"

Swali hilo hatukulipanga. Nikaanza kuhesabu. Mimi. Bibi yake wa Muheza. Mjomba. "Na Dada?" Na Dada, binti yangu. Shangazi wa Dar es Salaam. Jirani aliyempeleka kliniki nilipolazwa. Nilipofika kwa jirani akasema, "Kila mtu anajua isipokuwa mimi."

Hakulia. Alikaa siku tisa bila kunisemesha. Dawa alikuwa anameza, tena mwenyewe, saa moja kamili, amenipa mgongo na kuutazama ukuta. Siku ya kumi aliniuliza kama mama yake ndiye aliyemwambukiza. Nikamjibu kama tulivyofundishwa: mama yako alikuzaa kabla hajajua kwamba anao, angejua angekukinga. Akaniuliza, "Kwa nini alifungia kadi ndani ya kanga?" Alikuwa amelisikia hilo zamani, sijui kwa nani, akalihifadhi. Nikamwambia aliona haya. Akasema, "Na wewe uliona haya." Nikakubali.

Baada ya miezi mitatu ya kumeza vizuri kipimo kilishuka chini ya 1,000, kiwango ambacho husemwa virusi vimefubaa. Alipofikisha kilo 30 akahamishiwa kidonge kimoja kwa siku, kile cha TLD chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia ndani yake. Saa mbili usiku, simu inalia, anameza. Mwezi wa Ramadhani alitaka kufunga na wenzake, na kwa kidonge kimoja haikuwa shida, anameza baada ya kufuturu. Jambo dogo lakini linawaponyoka wengi: vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vinaishika dolutegravia tumboni. TLD imezwe masaa mawili kabla ya hivyo, au masaa sita baada yake. Ukinunua dawa yoyote dukani, taja kwamba mtoto ana dawa ya kila siku, na kama muuzaji humwamini, ulizia kliniki kwanza.

Nisiruke habari ya mwalimu. Katika shule ya msingi, mwalimu mmoja alisikia habari, akamhamishia Bibi dawati la nyuma peke yake na akazungumza mbele ya walimu wenzake. Nilitaka kwenda kupigana. Badala yake nilikwenda na dada mmoja, WAVIU mshauri wa kituo chetu, yaani mshauri wa wagonjwa wenzake ambaye mwenyewe ameishi na VVU miaka mingi na anajua kuongea na wakubwa. Alimweleza mwalimu mkuu kwa utulivu kwamba ipo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, na inakataza kutoa siri ya hali ya mtu na kumbagua. Dawati likarudi mbele siku ile ile. Mtafuteni mshauri wa namna hiyo mapema, kabla hamjapatwa. Mimi nilikuwa nampita pale mlangoni miaka yote, nikidhani ni mtu wa kupanga mafaili.

Sasa Bibi yuko bweni, kidato cha pili. Kabla hajaripoti tulikaa wawili tukaamua nani aambiwe, na safari hii orodha aliitoa yeye: matroni peke yake. Tulikwenda pamoja kabla ya siku ya kuripoti, tukiwa na barua ya kliniki, kwa sababu siku ya kwanza masanduku hukaguliwa mbele ya wasichana wote. Dawa zake hupewa za miezi mitatu, na tarehe za kliniki tuliomba ziangukie likizo.

Dawa zenyewe ni bure, sijawahi kulipia kidonge. Lakini bajaji elfu mbili kwenda na elfu mbili kurudi, siku ya kliniki huuzi vitumbua, matibabu ya sikio nililipa, nauli za Muheza, chakula cha ziada alipokuwa dhaifu. Nilijiwekea kopo la sarafu: kila beseni likiisha, mia tano inaingia humo. Tarehe ikifika sina kisingizio.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sura kadhaa tulizozizoea pale kituoni hazikuonekana tena, na foleni ikawa ndefu. Tangu hapo nina daftari letu wenyewe: namba ya kadi, jina la dawa na dozi, uzito, tarehe na majibu ya kila kipimo. Faili likichelewa kuonekana, daftari lipo mkobani.

Mwaka jana alimwuliza muuguzi, mimi nikiwa nimekaa pembeni, kama ataolewa na kuzaa. Muuguzi akamwambia mtu anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake, na kwa dawa hizo hizo anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Bibi akauliza tena, polepole, kuhakikisha. Njiani hakusema kitu. Tulipofika nyumbani alikula sahani mbili za wali.

Kipimo cha mwisho kilikuwa chini ya nakala 50.

Baada ya kusoma niliyoandika, ameniambia niongeze jambo moja kwa walezi. Msiwaulize watoto "umemeza?" mbele za watu. Hata mkinong'ona, watu wanasikia, na hata wasiposikia, mtoto anaona kama wamesikia. Sisi tumekubaliana neno letu. Nikimpigia simu ya matroni usiku namwuliza kama amefunga mlango, naye hunijibu amefunga.